Naweza kuingia bunge la kaunti nisikilize, ama lazima niwe na barua ya mwaliko?

"Habari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Eastlands, Nairobi, na nauza mboga kando ya barabara. Mtaro unaopita mbele ya ploti yetu umeharibika kitambo, mvua ikinyesha maji machafu yanaingia mpaka kwa nyumba. Mwaka juzi tuliitwa baraza tukaambiwa mtaro uko kwa bajeti, tukaandika majina na namba za simu, tukapewa soda na mkate, tukaenda nyumbani tumefurahi. Mwaka jana wakatuita tena wakasema vile vile. Mpaka leo hakuna hata mtu amekuja kupima. Kwa chifu nimeenda nikachoka, ananiambia ningoje. Sasa nimesikia kuna mahali City Hall mwananchi anaweza kukaa akisikiliza ma-MCA, wale wawakilishi wetu wa wadi, wakipitisha pesa, lakini jirani ameniambia huwezi kuingia bila barua ya mwaliko, na eti ukionekana huko MCA atakuwekea alama na mtoto wako hatapata basari. Je, naruhusiwa? Na nikiingia naweza kusimama niulize mtaro wetu ulienda wapi?"

Asante dada kwa kuandika yote hayo bila kuficha, na pole sana kwa hayo maji. Kazi yangu ni kusoma vitabu vya bajeti ya kaunti na kukaa na vikundi vya wakaazi tukivifungua ukurasa kwa ukurasa, na naweza kukuambia swali lako linaulizwa karibu kila mtaa, ni mtaro tu unabadilika unakuwa taa, ama soko, ama daraja la miguu. Unataka kujua kama unaruhusiwa kuingia, kama unaweza kuongea, na kama kuna mtu atakuumiza kwa kuuliza. Lakini chini ya hayo yote nasikia swali kubwa zaidi, pesa ya mtaro ilienda wapi, na hilo ndilo nitakaa nalo sana kwa sababu kuingia bunge peke yake hakutakupatia jibu.

Nianze na rahisi. Unaruhusiwa, na barua ya mwaliko haihitajiki. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inasema bunge la kaunti lifanye kazi yake kwa uwazi na vikao vyake, pamoja na vya kamati zake, vifanywe hadharani. Inaendelea kusema bunge haliwezi kuwafungia nje wananchi ama waandishi wa habari isipokuwa kukiwa na jambo lisilo la kawaida, na mwenye kuamua kama sababu inatosha ni spika. Askari wa mlangoni hana huo uwezo, na MCA wako pia hana. Kwa hivyo huyo jirani amekosea, ingawa simlaumu, watu wengi wameamini hivyo kwa sababu hakuna mtu amewahi kuwaambia kinyume.

Ukifika pale City Hall beba kitambulisho, begi itaangaliwa, utaandika jina kwa kitabu, na uvae nguo za heshima kama mtu anaenda kanisani ama kortini. Hayo ni ya usalama na adabu ya nyumba, usigombane nayo. Ukiulizwa umekuja kufanya nini sema umekuja kusikiliza kikao, basi, hakuna maelezo mengine unadaiwa. Na ukiambiwa leo haiwezekani, usiinue sauti, uliza polepole kama spika ameamua kikao kifungwe, kisha uombe jina la ofisa aliyekuambia hivyo uliandike pamoja na saa na tarehe. Ukiwa na hiyo karatasi unaweza kuandikia karani wa bunge, ambaye ndiye mkubwa wa ofisi pale, na barua yenye jina na saa haipuuzwi kirahisi kama mtu aliyesimama getini akilalamika. Kabla ya kutoka nyumbani hakikisha kwanza kama wako kikaoni, kwa kawaida wanakaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, lakini kuna wiki wako likizo na mtu anapoteza nauli bure, kwa hivyo tafuta ratiba ya siku kwa tovuti ya bunge ama upigie ofisi ya karani.

Kuhusu kusimama uulize, hapo jibu ni hapana. Kwa gallery, yaani sehemu ya wageni ndani ya ukumbi, unakaa, unasikiliza, unaandika. Ukiongea, ukipiga makofi, ukizomea, utatolewa na walinzi wa bunge na watakuwa na haki. Simu weka kimya na usianze kurekodi ama kupiga picha kabla ya kuuliza wahudumu, maana kuna kanuni za ukumbi na sitaki utolewe kwa kitu kidogo kama hicho. Kalamu na daftari hakuna mtu atakunyang'anya.

Lakini kuna njia swali lako linaweza kusikika ndani ya ukumbi bila wewe kufungua mdomo, na wakaazi wengi hawaijui. MCA anaweza kuomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati, anasimama anasema nataka kujua mradi fulani wa wadi fulani umefika wapi, ulitengewa pesa ngapi, kontrakta ni nani, na mwenyekiti anapaswa kurudi na majibu. Yote yanaingia kwa Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya bunge, na kitu kikishaingia Hansadi unaweza kukinukuu mwaka ujao na mwaka mwingine. Na sio lazima awe MCA wa wadi yenu. Nairobi ina wadi 85, na juu ya hao 85 waliochaguliwa kuna walioteuliwa, wengine wameingia kuwakilisha vijana na watu wenye ulemavu. Kama wa kwenu hasikii, andika maswali matatu kwa karatasi moja umpelekee MCA mteule mwenye anaonekana kufanya kazi.

Sasa tuje kwa mtaro wenyewe.

Watu wengi wanafikiria pesa inagawanywa siku ile ma-MCA wanapitisha bajeti. Ukikaa gallery siku hiyo utashangaa vile inaenda haraka, mwenyekiti wa kamati ya bajeti anasoma ripoti, wachache wanachangia, spika anauliza wanaokubali na wanaopinga, imepita. Hauoni mtu akijadili mtaro wa mtu. Sababu ni kwamba kazi ilishafanywa, ilifanywa kwa kamati na kwa karatasi zilizotoka miezi mingi kabla, na mwananchi anayekuja Juni anakuta chakula kishapakuliwa na sahani zimeoshwa.

Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na hizi tarehe ningependa uziandike kwa ukuta. Kufikia Septemba 1 kaunti inapeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, wanauita ADP, hiyo ndiyo orodha ya miradi. Mwisho wa Septemba inatoka ripoti inayoangalia mwaka uliopita ulienda aje. Kufikia Februari 28 inapelekwa karatasi inaitwa CFSP, mkakati wa fedha. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yanafika bungeni, na kufikia Juni 30 yanatakiwa yawe yamepitishwa.

Katika hizo zote, ile ya Februari ndiyo inakuhusu sana na ndiyo watu hawaijui. CFSP inaweka kikomo cha kila idara. Inasema idara ya barabara na mitaro mwaka ujao haitapita shilingi kadhaa, afya hivi, masoko hivi. Bunge likishapitisha, na lina siku 14 tu za kuipitia, hivyo vikomo ndivyo vinaongoza kila kitu kinachofuata. Baraza lenu mliitwa lini? Kama ni Mei, kama mengi huwa, basi mliulizwa mnataka nini wakati kiasi cha idara kilishafungwa. Sisemi maoni ya Mei hayana maana, yanaweza kusukuma mradi mmoja mbele ya mwingine ndani ya idara ileile, lakini hayawezi kuongeza sahani. Mtu anayetaka pesa nyingi zaidi ziende kwa mitaro lazima aseme Februari, na anayetaka mtaro wake uwe kwa orodha lazima aseme kabla ya Septemba.

Kuna kitu kingine kuhusu neno hilo "uko kwa bajeti". Afisa akisema hivyo barazani anaweza kuwa anamaanisha vitu vitatu tofauti kabisa. Anaweza kumaanisha mtaro uko kwa CIDP, ule mpango wa miaka mitano, ambao kusema ukweli ni orodha ndefu ya matumaini na hauna pesa nyuma yake. Ama uko kwa ADP, hapo umekaribia lakini bado hakuna pesa. Ama uko kwa makadirio yaliyopitishwa, na wadi yake na kiasi chake kimeandikwa. Hiyo ya tatu pekee ndiyo bajeti. Kwa hivyo baraza lijalo mtu akisema mradi uko kwa bajeti, muulize uko kitabu gani, ukurasa gani, shilingi ngapi. Ukiuliza kwa heshima hakuna mtu anaweza kukasirika, na majibu yake utayaona kwa uso kabla hajafungua mdomo.

Haya, tuseme ulikuwa kweli kwa makadirio. Bado unaweza kupotea, na kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni bajeti ya nyongeza, wengi wanaita saplimentari. Katikati ya mwaka kaunti inaruhusiwa kurudi bungeni na kubadilisha bajeti, na kuna sababu halali kama mafuriko ama pesa kutoka serikali kuu kupungua. Lakini ni hapo ndipo miradi midogo ya mitaa inakatwa, pesa inahamishwa kwa kitu kingine, na baraza haliitwi tena kuwaambia. Watu walipiga makofi Juni, mradi ukatolewa Februari, na kila mtu mtaani bado anangoja kontrakta. Mimi hii ndiyo inaniudhi kuliko zote kwa sababu wakaazi wanaanza kulaumiana, wengine wanasema MCA amekula, wengine wanasema kontrakta amehongwa, kumbe jibu liko kwa jedwali moja la saplimentari ambalo hakuna aliyeonyeshwa.

Njia ya pili ni kwamba mradi unabaki kwa kitabu lakini pesa haifiki. Bajeti ya Nairobi inapita shilingi bilioni 40 kwa mwaka, na sehemu kubwa inatarajiwa kutoka kwa mapato yetu wenyewe, parking, ushuru wa ardhi, leseni za biashara, pamoja na hizo unazolipa sokoni. Mwaka baada ya mwaka kaunti inapanga kukusanya nyingi kuliko inazopata. Pesa ikipungua mishahara haingoji, kinachongoja ni maendeleo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, lakini kuandika na kutumia ni vitu viwili. Juu ya hapo Nairobi inaongoza kaunti zote kwa madeni ya makontrakta ambayo hayajalipwa, kwa hivyo hata tenda ikitangazwa kontrakta mwenye akili anasita. Na kabla pesa itoke kwa hazina ya kaunti lazima Msimamizi wa Bajeti aidhinishe, ofisi hiyo inatoa ripoti kila robo mwaka ikionyesha kila kaunti imetumia kiasi gani kwa maendeleo na gani kwa mishahara, na hizo ripoti ziko wazi kwa mtu yeyote kwa tovuti yao. Zisome, ama umpe kijana mwenye simu nzuri akusomee sehemu ya Nairobi.

Nikurudishe nyuma kidogo kwa chifu. Chifu ni mtu wa serikali kuu, na mtaro wa maji ya mvua kwa mtaa ni kazi ya kaunti kulingana na Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo anapokuambia ungoje labda ni kwamba hana la kufanya na hajui vile atakuambia. Mtu wako wa kwanza ni msimamizi wa wadi, yule wanamwita wadi admin, yeye ndiye ameajiriwa na kaunti kukaa na matatizo kama hayo. Lakini kabla ya kwenda kwake hakikisha huo mtaro ni wa nani. Kama ni mfereji wa maji ya mvua kando ya barabara ya mtaa, ni idara ya kaunti inayoshughulika na barabara. Kama ni bomba la choo limepasuka na kumwagikia mtaroni, hiyo ni kampuni ya maji ya Nairobi, na hapo unaweza kupata usaidizi haraka zaidi kwa sababu ni marekebisho, haihitaji kungoja bajeti. Kama ni mtaro wa barabara kubwa iliyo chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, hiyo ni serikali kuu na MCA wako atakuzungusha bure. Nimeona kikundi kikipeleka barua kwa ofisi isiyo yake mwaka mzima, kila mtu anaipokea na hakuna anayesema hapa sio kwetu.

Halafu kuna ile karatasi mliandika majina. Wengi wanaogopa kwamba kusaini ni kukubali, na wengine wanakataa kusaini kwa sababu hiyo. Kusaini mahudhurio hakumaanishi umekubali chochote, kunamaanisha ulikuwa. Lakini kaunti inaitumia hiyo orodha kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa, kwa hivyo ukisaini tu na kunywa soda, jina lako limebaki na maneno yako yamepotea. Dawa yake ni kuja na maoni yameandikwa, hata nusu ukurasa kwa mkono kwa Kiswahili, nakala mbili, moja unawapa na nyingine inapigwa mhuri ama kusainiwa na tarehe unarudi nayo nyumbani. Wakikataa kupiga mhuri ipeleke City Hall kwa ofisi ya kupokea barua.

Usidhani mahakama haijali haya. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kesi ya Robert Gakuru na wenzake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vile inafaa, na jaji akasema kaunti inapaswa kuwafikia watu kwa njia nyingi, makanisani, misikitini, barazani, redioni, sio tangazo moja la gazeti. Lakini niwe mkweli kwako, kushirikishwa hakumaanishi lazima wafanye ulichosema. Wanapaswa kukupa habari mapema, nafasi ya kweli ya kusema, na kuzingatia ulichosema. Mwisho wa siku wanaweza kuchagua mtaa mwingine ulio na shida mbaya zaidi, na hiyo sio uvunjaji wa sheria. Unachoweza kudai ni sababu.

Sasa vile utapata hizo karatasi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeeleza jinsi. Unaandika barua, Kiswahili kinakubalika, hauulizwi sababu na hata ukiulizwa sababu yako haiwezi kutumika kukunyima. Hakuna malipo ya kuomba, wanaweza kukutoza gharama ya fotokopi tu. Kama mtu hajui kuandika, ofisa anapaswa kumsikiliza na kumwandikia. Wana siku 21 kujibu, wanaweza kuongeza 14 mara moja kama habari ni nyingi, na wakinyamaza sheria inahesabu kwamba wamekukatalia.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Iandikie katibu wa kaunti na useme hivi, mimi ni mkaazi wa wadi hii, chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 naomba nakala ya orodha ya miradi ya wadi yetu kwa bajeti iliyopitishwa miaka miwili iliyopita, nakala ya bajeti ya nyongeza ya miaka hiyo kwa upande wa idara ya barabara na mitaro, orodha ya miradi ya hazina ya maendeleo ya wadi kwa wadi yetu, na kama mtaro wa mahali fulani ulitangazwa tenda, jina la aliyepewa na kiasi. Usiandike "nataka kujua mlipeleka wapi pesa yetu", hiyo ni hasira na ofisa hajui akupe karatasi gani. Omba karatasi kwa majina yake. Siku 21 zikipita, una siku 30 za kulalamika kwa Commission on Administrative Justice, tume ambayo wengi wanaijua kama Ombudsman, iko West End Towers kule Waiyaki Way, na huduma yao ni bure.

Najua bado unafikiria basari. Siwezi kukuambia hofu hiyo haina msingi, basari ya kaunti inapitia wadi na wanaokaa kwa kamati wanajuana, na mtu mmoja akisimama peke yake anaonekana. Ninachoweza kukuambia ni vile watu wanapunguza hiyo hatari. Usiende peke yako, barua isainiwe na watu wengi wa ploti kadhaa ama itoke kwa chama ama kikundi chenu kilichosajiliwa. Iombe karatasi, isimshtaki mtu. Mpe MCA nakala wewe mwenyewe mapema, mwambie mheshimiwa tunataka kukusaidia kufuatilia mtaro wetu, na mara nyingine utakuta naye hajui ulikatwa lini, kuna ma-MCA ambao wanalilia miradi yao vile vile. Na tafadhali usiandike kwa WhatsApp ama Facebook kwamba fulani ameiba kama hauna karatasi mkononi, hapo unaweza kupelekwa kortini wewe badala yake. Mtoto akinyimwa basari baada ya hapo na mnaona sababu ni hiyo, omba kwa maandishi orodha ya waliopata na vigezo vilivyotumika. Hiyo pia ni habari ya umma.

Kuna njia ya ombi rasmi kwa bunge, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka, na ombi likipokelewa linatumwa kwa kamati na unaweza kuitwa kueleza. Hapo ndipo unaongea ukiwa umeketi mbele yao, sio kwa gallery. Ina nguvu lakini ni ya polepole, na ukienda bila karatasi watakuuliza ushahidi, ndio maana naiweka baada ya barua ya kuomba habari. Korti ni ya mwisho. Kesi ya haki za kikatiba haitozwi ada ya kufungua, lakini muda na wakili ni gharama, na kwa mtaro mmoja mimi sikushauri uanzie hapo.

Ila kuna mambo ambayo usingoje barua wala jibu langu. Mtu akikutishia, akija kwa kibanda chako usiku ama akikutumia ujumbe wa vitisho, hifadhi huo ujumbe, piga ripoti polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na uende umwone wakili ana kwa ana, Kituo cha Sheria hapa Nairobi wanasaidia wasio na uwezo. Mkipata karatasi inaonyesha mtaro ulilipwa na haujajengwa, hiyo sio tena mambo ya bajeti, msiizungushe mtaani, pelekeni EACC, tume ya kupambana na ufisadi, pale Integrity Centre, wanapokea ripoti hata ya mtu asiyetaka jina lake lijulikane. Na maji yakiingia kwa nyumba na watoto wanaanza kuhara, nenda hospitali kwanza, karatasi zitangoja.

Umeniandikia Januari, na hiyo ni bahati. CFSP haijafika bungeni. Wiki hii pata watu kumi wa hapo kwenu, mpigie picha mtaro ukiwa na maji na ukiwa umekauka, muandike ni ploti ngapi zinaathirika na mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi, mpeleke hiyo karatasi kwa wadi admin na kwa karani wa bunge ikielekezwa kwa kamati ya bajeti, na barua ya kuomba habari ipelekwe siku hiyo hiyo ili nauli iwe moja. Kwa karani uliza kamati ya bajeti itakaa lini juu ya CFSP na chumba gani. Hicho kikao cha kamati ndicho ningetaka uingie kabla ya ukumbi mkubwa, ni chumba kidogo, pengine utakuwa mwananchi wa pekee, na utasikia wakitaja idara kwa jina na kiasi kwa shilingi. CFSP yenyewe ikitoka tafuta jedwali lenye majina ya idara upande mmoja na miaka upande wa juu. Kama halieleweki, lipige picha unitumie, tutalisoma pamoja mstari kwa mstari kabla siku 14 za bunge hazijaisha.